Mwongozo Kamili wa Kutayarisha Bango la Jimbo la Utah: Taarifa za Msingi na Alama Rasmi

Katika jimbo la Utah, lililo magharibi mwa Marekani, mtoto wa darasa la 4 husoma habari za jimbo lake, na mara nyingi mwalimu humpa kazi ya kutengeneza bango lenye taarifa za msingi na alama rasmi. Familia zinazozungumza Kiswahili katika bonde la Salt Lake, nyingi zikiwa zimetoka Kongo na Burundi, huifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na bado bango hurudi limesahihishwa mahali palepale: bendera iliyokwisha kubadilishwa, mti ambao si wa jimbo tena, mwaka 1847 kuandikwa panapotakiwa 1896, na mzinga wa nyuki uliochorwa kama gogo lililotundikwa mtini.

Makosa hayo hayatokani na uvivu. Yanatokana na kunakili orodha ya zamani na kuiamini kwa sababu imechapishwa vizuri. Alama ya jimbo ni sheria inayopitishwa na Bunge la Jimbo kwa tarehe maalumu, na Bunge hilo hilo linaweza kuibadilisha; la Utah limefanya hivyo mara kadhaa. Kwa hiyo katika mwongozo huu hakuna alama itakayobandikwa bangoni bila mwaka wake.

## Vifaa vinavyohitajika

Kusanya vitu vyote kabla ya kuanza, kwa kuwa kukatiza kazi ili kutafuta gundi ndiko kunakoleta haraka ya usiku wa mwisho.

- Bango la kukunja sehemu tatu, ambalo likifunguliwa huwa na urefu wa sentimita 91 na upana wa sentimita 122 hivi.
- Karatasi nyeupe na kadi ndogo za karatasi ngumu.
- Penseli, kifutio, rula ya sentimita 30 na mkasi.
- Kalamu za rangi: buluu iliyokolea, nyekundu, dhahabu au njano, nyeusi, kijani na kahawia.
- Gundi ya kijiti, pamoja na utepe wa kunata unaobanduka bila kuchana karatasi.
- Maelekezo ya mwalimu yaliyoandikwa, si yale anayoyakumbuka mtoto.
- Intaneti ya nyumbani au ya maktaba ya mtaa.

## Hatua ya 1: Pigia mstari kile ambacho mwalimu amekiomba

Soma maelekezo pamoja na mtoto na mpigie mstari kila kinachotakiwa. Walimu wengine huomba alama tano tu, wengine kumi, na wengine hutaka sentensi moja ya sababu chini ya kila picha. Utah ina alama rasmi nyingi mno, na bango lenye alama ishirini zisizo na maelezo hupata maksi chache kuliko bango lenye saba zilizoelezwa.

Kama karatasi ya maelekezo imepotea, muulize mwalimu kwa ujumbe mfupi siku hiyo hiyo. Hatua hii imekamilika mtoto anapoweza kutaja, bila kusoma, ni vitu vingapi vinatakiwa na vinatakiwa lini.

## Hatua ya 2: Anzia kwenye sheria, si kwenye picha

Andika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno haya: Utah Code 63G-1-601. Hicho ndicho kifungu kinachoorodhesha alama za jimbo, na Bunge la Jimbo hukiweka wazi kwenye tovuti yake, le.utah.gov. Lugha ya sheria ni kavu, lakini kifungu hiki ni kifupi na mtoto wa darasa la 4 anaweza kukisoma, kwa kuwa kila mstari hutaja alama moja.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba picha za mtandaoni hazina tarehe. Karatasi ya kupaka rangi iliyotengenezwa mwaka 2005 bado hupatikana leo, na itamwonyesha mtoto msprusi wa buluu (blue spruce) kama mti wa Utah. Ilikuwa kweli wakati ule.

Jihadhari pia na majibu ya haraka yanayotokea juu ya ukurasa wa utafutaji, kwa maana mara nyingine huchanganya alama ya sasa na iliyotangulia katika sentensi moja. Ukishaipata orodha ya sheria, inakili kwa mkono kwenye daftari na uache nafasi ya kuandika mwaka mbele ya kila alama. Umefaulu hatua hii ikiwa mstari wa mti unasema aspeni (quaking aspen) na mstari wa samaki unasema trauti wa Bonneville (Bonneville cutthroat trout). Ukiona msprusi au trauti wa upinde wa mvua (rainbow trout), unasoma orodha iliyopitwa na wakati.

## Hatua ya 3: Andika taarifa za msingi kwenye kadi

Tumia kadi moja kwa taarifa moja. Kadi hurahisisha kusahihisha, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa huandiki upya ukurasa mzima.

Taarifa zisizobadilika ni hizi. Jimbo linaitwa Utah, ufupisho wake wa posta ni UT, na jina lake linatokana na watu wa kabila la Ute. Mji mkuu ni Salt Lake City. Lilijiunga na Marekani tarehe 4 Januari 1896 likiwa jimbo la 45, wakati wa Rais Grover Cleveland. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 219,900, yaani maili za mraba 84,900 hivi, na ni la 13 kwa ukubwa nchini humo. Mzazi aliyetoka Afrika Mashariki atalielewa haraka akiambiwa kwamba ni dogo kidogo kuliko Uganda. Lina kaunti 29. Linapakana na Idaho kaskazini, Wyoming kaskazini-mashariki, Colorado mashariki, Arizona kusini na Nevada magharibi, na kwenye ncha ya kusini-mashariki linagusana na New Mexico kwa nukta moja tu.

Kilele cha juu kabisa ni Kings Peak katika milima ya Uinta, chenye futi 13,528, sawa na mita 4,123 hivi. Baadhi ya machapisho yataonyesha futi 13,534 kwa sababu ya vipimo vipya. Tumia tarakimu iliyomo katika kitabu cha darasa, na uandike futi kwanza na mita baadaye, kwa kuwa mwalimu atakagua kwa futi.

Taarifa zinazobadilika ziandikwe kwenye kadi za rangi nyingine. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 3,271,616, na tarakimu yoyote kubwa zaidi utakayoiona kabla ya matokeo ya sensa ya 2030 ni makadirio. Gavana ni Spencer Cox, aliyeanza kazi Januari 2021. Utah ina maseneta wawili Washington, kama kila jimbo, na viti vinne katika Baraza la Wawakilishi. Bunge la Jimbo lenyewe lina maseneta 29 na wawakilishi 75. Mzazi anayejiandaa kwa usaili wa uraia asizitupe kadi hizi baada ya mradi kwisha, kwa sababu mji mkuu wa jimbo, gavana na seneta ni miongoni mwa maswali anayoweza kuulizwa.

Onyo kuhusu miaka miwili. Kosa linaloongoza ni kuandika kwamba Utah ilikuwa jimbo mwaka 1847. Tarehe 24 Julai 1847 ndiyo siku Brigham Young, kiongozi wa dhehebu la Wamormoni, alipofika katika bonde la Salt Lake na kundi la kwanza la walowezi wa Kimormoni, na ndiyo maana tarehe 24 Julai ni sikukuu ya jimbo na mwaka huo umeandikwa kila mahali, pamoja na kwenye muhuri. Lakini kutoka 1850 Utah ilikuwa eneo lililo chini ya serikali kuu, na hadhi ya jimbo haikupatikana hadi 1896. Mtoto aandike miaka yote miwili kwenye kadi mbili tofauti, kila mmoja na maelezo yake: 1847 walowezi walifika, 1896 Utah ikawa jimbo.

Usimruhusu mtoto aandike kwamba walowezi walikuta nchi tupu. Wa-Ute, Wapaiute, Wagoshute, Washoshoni na Wanavajo walikuwapo kabla yao na wapo hadi leo, na makabila manane yanayotambuliwa na serikali kuu yana makao au ardhi Utah. Kadi moja kuhusu jambo hili inatosha, na walimu wengi huithamini.

## Hatua ya 4: Chora ramani kwa rula

Utah ni mojawapo ya majimbo mepesi kuchora, kwa sababu mipaka yake karibu yote ni mistari iliyonyooka. Hata hivyo watoto huichora kama mraba na kusahau pengo la kaskazini-mashariki, ambalo ndilo linaloitambulisha.

Chora mstatili wenye kimo cha sentimita 20 na upana wa sentimita 15. Kwenye kona ya juu kulia, pima sentimita 6 kutoka ukingo wa kulia kuelekea kushoto, kisha sentimita 4 kutoka ukingo wa juu kushuka chini. Chora mistari hiyo miwili ikutane na ufute kile kisanduku kidogo kilichojitokeza. Kisanduku hicho ni cha Wyoming, na umbo lililobaki lenye pembe sita ndilo Utah.

Vipimo hivi vinafuata nyuzi halisi za ramani. Jimbo linaanzia latitudo ya 37 upande wa kusini na kuishia latitudo ya 42 upande wa kaskazini, kwa hiyo kila sentimita 4 za kimo huwakilisha nyuzi moja, na kila sentimita 3 za upana huwakilisha nyuzi moja ya longitudo. Ukilijua hilo unaweza kuweka mahali popote bila kubahatisha.

Weka nukta ya Salt Lake City sentimita 5 kutoka juu na sentimita 6.5 kutoka kushoto. Ziwa kubwa la chumvi, Great Salt Lake, liko juu kushoto mwa nukta hiyo. Kings Peak iko chini kidogo ya lile pengo, sentimita 5 kutoka juu na sentimita 11 kutoka kushoto. Milima ya Uinta inayoizunguka ichorwe ikienda mashariki hadi magharibi, si kaskazini hadi kusini kama watoto wanavyozoea kuchora milima ya Marekani.

Mbuga tano za taifa, yaani Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Canyonlands na Arches, zote ziko nusu ya kusini. Zion iko karibu na kona ya chini kushoto, ilhali Arches na Canyonlands ziko upande wa kulia, karibu na mji wa Moab. Mtoto akiweka mbuga yoyote kati ya hizo juu ya Salt Lake City, arudie.

Ili kukagua, geuza ramani juu chini na umuulize mtoto pengo liko upande gani. Akilionyesha na kusema ni la Wyoming, songa mbele.

## Hatua ya 5: Bendera na muhuri

Hapa ndipo mabango mengi huharibika, kwa hiyo tenga jioni nzima.

### Bendera ya sasa

Gavana alitia saini sheria ya bendera mpya tarehe 21 Machi 2023, na bendera hiyo ikaanza kutumika rasmi tarehe 9 Machi 2024. Kitabu, kalenda au karatasi ya kupaka rangi iliyochapishwa kabla ya hapo haina bendera hii.

Ichore hivi. Juu kuna mkanda wa buluu iliyokolea. Katikati kuna mkanda mweupe ambao ukingo wake wa juu umekatwa kama vilele vya milima yenye theluji, na chini kuna mkanda mwekundu unaokumbusha miamba myekundu ya kusini. Katikati ya bendera weka pembesita ya buluu yenye ukingo wa dhahabu, na ndani yake mzinga wa nyuki wa rangi ya dhahabu, chini yake nyota moja nyeupe yenye ncha tano.

Anza na pembesita, si na mikanda. Mtoto akianza na mikanda, hubakiza nafasi ndogo katikati na mzinga hugeuka kidoa cha njano. Pembesita inatosha ikiwa na kimo cha zaidi ya nusu ya bendera.

### Mzinga wenyewe

Mtoto aliyemwona babu yake akirina asali huchora gogo lililotobolewa na kulazwa juu ya matawi. Aliyeona ufugaji wa kisasa huchora sanduku la mbao. Mizinga yote miwili ni ya kweli, lakini haimo kwenye bendera ya Utah.

Mzinga wa Utah ni ule wa kizamani wa Ulaya, uliosukwa kwa kamba nene za majani makavu zilizozungushwa moja juu ya nyingine, ukawa kama kikapu kilichofunikwa. Chora nusu yai lililosimama kwenye msingi bapa. Gawa kwa mistari ya mlalo iliyopinda kidogo, mipana chini na myembamba kadiri inavyopanda, kisha weka mlango mdogo mweusi katikati ya mstari wa chini. Ukikosa mlango, watu watadhani ni kofia.

### Bendera ya zamani

Bendera ya zamani, ya buluu yenye muhuri katikati, haikufutwa. Sheria inaitambua kama bendera ya kihistoria ya jimbo, na bado utaiona ikipepea sehemu nyingi, jambo linalowachanganya wazazi. Ukitaka kuiweka, iwe ndogo, chini ya ile mpya, na iandikiwe wazi kuwa ni ya kihistoria.

Kuna habari moja kuhusu bendera hiyo ambayo mwalimu ataifurahia. Mwaka 1922 mtengenezaji mmoja aliuweka mwaka 1847 mahali pasipo pake, juu tu ya 1896 badala ya kuuweka ndani ya ngao, na kosa lile likanakiliwa kwa miongo mingi hadi liliposahihishwa mwaka 2011. Bendera yenye kosa hilo bado imo katika picha nyingi, kwa hiyo hakikisha picha uliyochagua ina 1847 ndani ya ngao.

### Muhuri

Muhuri Mkuu ulipitishwa mwaka 1896. Uchore kutoka katikati kwenda nje, kwa mpangilio huu: ngao, juu yake tai aliyekunjua mabawa, mishale sita iliyopishana sehemu ya juu ya ngao, chini ya mishale neno la kaulimbiu, Industry, chini ya neno hilo mzinga wa nyuki wenye maua ya yungiyungi la sego (sego lily) pande zote mbili, kisha 1847. Bendera za Marekani husimama pande mbili za ngao, na mwaka 1896 hukaa chini kabisa, ndani ya duara lenye maandishi ya jina la muhuri.

Unapomweleza mtoto kaulimbiu kwa Kiswahili, sema bidii ya kazi. Wengi humwambia ni viwanda, kisha anachora moshi na mabomba ya kiwanda, na maana yote inapotea.

Kama mtoto hawezi kuchora muhuri kwa mkono, chapisha picha yake. Kwa bendera ni tofauti: aichore mwenyewe, kwa sababu ni rahisi na huonyesha kwamba ameielewa. Kazi imefaulu mtu akisimama hatua tano mbali na bado akatambua mzinga, nyota na vilele vya milima.

## Hatua ya 6: Chagua alama kwa makundi

Usimkabidhi mtoto orodha ndefu akariri. Mpe makundi, kwa sababu alama zilizo katika kundi moja zina sababu moja, na mtoto anayejua sababu hasahau jina.

### Kundi la nyuki

Mzinga ni nembo rasmi tangu 1959, na jina la utani la jimbo ni Jimbo la Mzinga wa Nyuki. Walowezi walitaka kuliita eneo hilo Deseret, jina ambalo kwao lilimaanisha nyuki wa asali, lakini serikali kuu ikachagua Utah. Nyuki wa asali mwenyewe alifanywa mdudu wa jimbo mwaka 1983 baada ya wanafunzi wa darasa la 5 kulishawishi Bunge. Hata angani wamo: kundi la nyota liitwalo Mzinga, katika nyota za Kaa, ni alama rasmi ya anga tangu 1996. Ukiwa na nafasi ya kundi moja tu, chagua hili.

### Kundi la njaa ya miaka ya mwanzo

Ua la jimbo ni yungiyungi la sego, tangu 1911. Lina petali tatu nyeupe, na katikati lina njano na alama za zambarau. Walowezi walipokosa chakula walichimba vitunguu vyake vya ardhini wakavila, baada ya wenyeji wa nchi kula mmea huo kwa vizazi vingi. Msiende kuchimba ili kuleta mfano darasani. Mmea mwingine wenye sumu kali hufanana nao sana sehemu za chini ya ardhi.

Ndege wa jimbo ni shakwe wa California, tangu 1955. Mwaka 1848 wadudu wakubwa wa jamii ya panzi, wasioweza kupaa, walivamia mazao ya walowezi, na makundi ya shakwe yakashuka kuwala. Mnara wa kumbukumbu ya ndege hao umesimama katikati ya Salt Lake City tangu 1913.

Mwenzake darasani atamwambia mtoto wako kwamba amekosea na kuandika ndege wa California. Mwandae. Jina la spishi haliamui ni ya jimbo gani, na ndege rasmi wa California ni kwale. Anapomchora shakwe, aweke doa jekundu na doa jeusi karibu na ncha ya mdomo wa chini, pamoja na jicho jeusi. Akichora utepe mweusi kuzunguka mdomo mzima, atakuwa amechora shakwe wa aina nyingine, ambaye naye huonekana sana kwenye maegesho ya magari Utah.

### Kundi la milima na maji

Mnyama wa jimbo ni elki wa Milima ya Rocky, tangu 1971. Dume ana pembe ndefu zenye matawi zinazoelekea nyuma, shingo yenye manyoya meusi na makalio meupe. Ukiona picha ya mnyama mwenye pembe bapa kama sinia, huyo ni muusi (moose).

Mti ni aspeni, tangu 2014. Kabla ya hapo, tangu 1933, ulikuwa msprusi wa buluu, na wanafunzi wa shule ya msingi walichangia kuuondoa, kwa hoja kwamba aspeni umeenea zaidi katika misitu ya Utah. Gome la aspeni ni jeupe lenye makovu meusi, na kikonyo cha jani lake ni bapa, ndiyo maana majani hutetemeka kwa upepo mdogo. Karibu na Fish Lake, katikati ya jimbo, kuna kundi la aspeni liitwalo Pando, lenye mashina takriban 47,000 yanayotoka kwenye mzizi mmoja na kutanda hekta 43 hivi. Mweleze mtoto kwamba kila shina ni kama tawi la mti uleule mmoja, kwa sababu hilo ndilo swali atakaloulizwa.

Samaki ni trauti wa Bonneville mwenye mstari mwekundu chini ya taya, tangu 1997. Trauti wa upinde wa mvua ndiye aliyemtangulia.

### Kundi la chini ya ardhi

Kito ni topazi, madini ni shaba, mwamba ni makaa ya mawe. Kisukuku ni cha dinosa aitwaye Allosaurus, tangu 1988, na dinosa wa jimbo ni Utahraptor, tangu 2018. Hawa wawili ni alama mbili tofauti, kwa hiyo mtoto asifute mmoja akidhani mwingine amechukua nafasi yake. Allosaurus ana sababu nzuri ya kuwapo: machimbo ya Cleveland-Lloyd yametoa mifupa ya Allosaurus wasiopungua 46.

### Vilivyobaki

Tunda ni cheri, mboga ni kitunguu kitamu cha Kihispania, na kiazi-sukari kina hadhi ya mboga ya kihistoria. Kuna hata chombo rasmi cha kupikia, sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko ambayo walowezi walipikia juu ya makaa. Wimbo wa jimbo tangu 2003 ni Utah, This Is the Place. Ule wa zamani, Utah, We Love Thee, sasa ni utenzi wa jimbo, na mtoto akiuandika kama wimbo atakosolewa.

Bastola M1911 ya Browning nayo ni alama rasmi tangu 2011, na Utah ilikuwa jimbo la kwanza kuwa na silaha rasmi. Usiiweke bangoni kabla ya kumwuliza mwalimu, kwa kuwa shule nyingi hazikubali picha ya silaha ya aina yoyote.

## Hatua ya 7: Panga bila gundi kwanza

Laza bango sakafuni na panga kila kitu kabla ya kubandika. Sehemu ya katikati ichukue jina la jimbo, bendera na ramani. Kushoto weka kadi za taarifa za msingi. Kulia weka alama kwa makundi yake, kila picha ikiwa na jina la Kiingereza, mwaka na sentensi moja ya sababu. Andika maneno ya Kiingereza kwa herufi zile zile za sheria, maana tahajia hukaguliwa.

Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kadi na kadi. Piga picha ya mpangilio kwa simu, kisha bandika ukitazama picha hiyo. Simama mlangoni: kichwa cha bango kikisomeka kutoka pale bila kukaza macho, ukubwa wa herufi unatosha.

## Hatua ya 8: Jaribio la mdomo na marekebisho ya mwisho

Muulize mtoto maswali matano kwa Kiswahili na umwache ajibu kwa Kiingereza, kama atakavyojibu darasani. Kwa nini kuna mzinga kwenye bendera? Mwaka 1847 kulitokea nini, na 1896 je? Kwa nini ndege wa Utah ana jina la California? Mti uliotangulia ulikuwa upi? Pengo kwenye ramani ni la nani? Akijibu kwa sababu, si kwa neno moja, yuko tayari. Akikwama kwenye alama fulani hata baada ya kuelezwa mara mbili, iondoe bangoni na uweke nyingine anayoipenda, mradi hesabu ya mwalimu isipungue.

Kumbuka kalenda ya Bunge la Jimbo. Kikao cha kawaida huanza Januari na kudumu siku 45, na sheria nyingi mpya huanza kutumika mwezi Mei. Bango linalotengenezwa Oktoba na kuonyeshwa Mei linaweza kupitwa na alama mpya katikati, kwa hiyo fungua tena kifungu cha 63G-1-601 wiki ya maonyesho. Kadi za gavana, idadi ya watu na alama yoyote inayojadiliwa bungeni zibandikwe kwa utepe unaobanduka, si kwa gundi, na kadi mbili tupu ziwekwe kwenye bahasha nyuma ya bango pamoja na kalamu moja nyeusi.

Siku ya kulipeleka shuleni, likunje na kulifunika kwa mfuko mkubwa wa plastiki hata kama kumekucha kweupe. Theluji ya Utah huweza kuanguka hadi Aprili, na wino wa kalamu za rangi huvuja kwa tone moja la maji.